Barua ya wazi kwa wasimamizi wa uchumi: acheni kusema "soko limeamua"

Waheshimiwa,

Nawaandikia ninyi mnaotunga sheria za biashara, ninyi wa wizara za fedha na benki kuu, na ninyi wa mamlaka zinazosimamia ushindani na vipimo, katika nchi yoyote mliyomo. Mimi ni mfanyabiashara. Nimenunua na kuuza kwa zaidi ya miaka 20, natafuta faida mchana kweupe, na sioni haya kulisema hilo. Kwa hiyo msiisome barua hii kama ya mtu anayeichukia biashara. Naandika kwa sababu ya maneno mawili mnayoyakimbilia kila mnapobanwa kwa maswali: soko limeamua.

Bei ya dawa ikipanda mpaka mgonjwa anaanza kuruka dozi ili chupa ifike mwisho wa mwezi, mnasema soko limeamua. Kiwanda kikifungwa na kuhamia kwenye mishahara ya chini zaidi, soko limeamua. Lakini benki kubwa ikitikisika, mnakutana usiku huohuo, na kukikucha fedha za walipa kodi zimeshapatikana. Siku hiyo simsikii yeyote akilitaja soko. Hapo ndipo nilipoanza kuamini kwamba maneno hayo hayaelezi uchumi hata kidogo, bali yanamficha mtu aliyeamua.

Nani anaruhusiwa kuuza nini? Muuzaji analazimika kumwambia mnunuzi nini? Hasara ikitokea, ataibeba nani? Mambo hayo huwekwa na sheria kabla bidhaa ya kwanza haijafika sokoni, na yote ni maswali ya haki na dhuluma. Mkiyajibu, mmejibu swali la maadili. Mkinyamaza mmelijibu vilevile, ila bila kuweka saini.

Kwanza nilitendee soko haki, maana mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Mwishoni mwa mwaka 1978, katika kijiji cha Xiaogang, jimbo la Anhui nchini China, wakulima 18 walikutana kwa siri wakatia alama za vidole kwenye karatasi moja. Walikubaliana kugawana mashamba ya pamoja kaya kwa kaya. Kila kaya itoe fungu la serikali, na kitakachobaki kiwe chake. Wakati ule jambo hilo lilikuwa kosa kubwa. Kwa hiyo waliongeza sharti: ikiwa viongozi wao watafungwa au kuuawa kwa ajili ya makubaliano hayo, waliobaki watawalea watoto wao mpaka wafikishe miaka 18. Mavuno yaliyofuata yaliongezeka kwa kiasi kisichofichika, na badala ya kuwafunga, wakubwa wakaruhusu mpango wao uigwe kwingine. Katika miaka 40 iliyofuata, karibu watu milioni 800 wa China walitoka kwenye umaskini uliokithiri, na ruhusa ya mtu kulima, kuuza na kubaki na chake ilikuwa na mchango mkubwa katika safari hiyo.

Naomba mwitazame tena karatasi ile. Wapo wanaosema soko ni uchoyo mtupu. Hao walisome sharti la watoto. Watu wale waliutaka uhuru wa kuuza mazao yao, na jambo la kwanza walilofanya ni kuahidiana kitu ambacho hakuna bei inayoweza kukilipia. Uhuru wao wa kuuza ulisimama juu ya ahadi hiyo.

Tena mimi mwenyewe nimesimama sana kwenye foleni za vibali. Najua kwamba nyuma ya kila saini isiyo ya lazima kuna mtu anayesubiri kitu kidogo. Mkiniambia mtalinda maadili kwa kuongeza mihuri, nitawajibu kwamba mihuri nayo huuzwa, na anayeshindwa kuinunua ni yuleyule maskini mliyesema mnamlinda. Sitetei hayo.

Ninachotetea kina jina zuri katika Kiswahili cha biashara: mali kauli. Unachukua bidhaa leo, unaiuza, unalipa baadaye, na dhamana ni kauli yako tu. Mwenye mali hana hati ya nyumba yako wala hajui kwenu. Amekutazama usoni, ameuliza kwa wenzako, amekukabidhi. Nilianza biashara hivyo, kama walivyoanza maelfu wengine wasio na mtaji. Hakuna mwanasheria anayeweza kuandika mkataba unaoziba kila mwanya wa hila. Siku zote kuna sehemu ya mapatano inayobebwa na imani kwamba mwenzako hatakugeuka. Imani hiyo soko linaitumia kila siku, lakini halina kiwanda cha kuitengeneza. Inatoka kwa wazazi, kwa dini, kwa majirani, kwa mahakama isiyopokea rushwa, na kwenu.

Sasa niwaeleze jambo lililonikuta. Kuna wakati nilikuwa nauza misumari kwa kilo. Baadhi ya wenzangu wakaanza kuchezea mizani, kilo yao ikawa gramu 900. Kwa macho huwezi kujua; nani anahesabu misumari? Bei yao ikashuka chini ya yangu, na wateja wakaniona mimi ndiye mlanguzi. Usiku nikakaa na daftari langu. Hesabu ilikuwa nyepesi mno: gramu 100 katika kila kilo, na hasara yangu inakwisha. Hakuna ambaye angenikamata. Stika ya ukaguzi kwenye mizani za sisi sote ilikuwa imefifia kiasi kwamba mwaka ulioandikwa hausomeki. Sikuichezea mizani, lakini niliacha kuuza misumari, na mpaka leo naliona hilo kuwa jambo la kusikitisha, wala silihesabu kuwa ushindi. Aliyepima sawasawa aliondoka, waliopunja wakabaki, na mnunuzi hakujua kilichotokea.

Mwaka 1970 mwanauchumi George Akerlof alilieleza jambo hilihili kwa mfano wa magari yaliyotumika. Mnunuzi asipoweza kutofautisha gari zima na bovu, atatoa bei ya katikati. Mwenye gari zima anaona bei hiyo haimfai, analiondoa. Yanabaki mabovu, bei inashuka tena, na yaliyo afadhali nayo yanaondoka. Kwa kazi ya namna hiyo alikuwa mmoja wa waliopewa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2001. Nilipoisoma hoja yake nilikumbuka misumari yangu. Tunasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na ni kweli pale jicho la mnunuzi linapoweza kuona. Ndani ya kidonge, ndani ya mkataba wa mkopo wenye kurasa 40, ndani ya nguzo ya jengo, jicho halioni kitu.

Afisa vipimo anayefika na mawe yake ya kupimia hajapunguza uhuru wangu hata chembe. Ndiye anayeniwezesha kubaki mwaminifu bila kufilisika. Mnapoikata bajeti ya ofisi yake na kutangaza kwamba mmewapunguzia mzigo wafanyabiashara, tafadhali ulizeni ni wafanyabiashara gani waliopumua siku hiyo.

Wengi wenu humtaja Adam Smith, anayehesabiwa baba wa soko huria, mnapotetea kujiweka kando. Smith alikuwa profesa wa falsafa ya maadili huko Glasgow, na kitabu chake kuhusu hisia za maadili kilitoka mwaka 1759, miaka 17 kabla ya kile cha utajiri wa mataifa. Na katika hicho cha pili aliandika kwamba watu wa biashara moja hawakutani mara nyingi, hata kwa kujiburudisha, bila mazungumzo yao kuishia kwenye njama dhidi ya umma au mbinu ya kupandisha bei. Nimekaa kwenye mikutano ya namna hiyo. Alisema kweli.

Nije kwenye hiari, kwa kuwa ndiyo nguzo ya hoja yote ya soko huria. Tunaambiwa kwamba watu wawili wakikubaliana kwa hiari, kila mmoja amepata anachokithamini zaidi, na mtu wa tatu hana haki ya kuingilia. Kwa sehemu kubwa ya biashara ninayoifanya, hilo ni kweli na ni zuri. Lakini tazameni Rana Plaza.

Tarehe 23 Aprili 2013, nyufa zilionekana katika jengo hilo la orofa 8 huko Savar, karibu na Dhaka, Bangladesh. Watu wakatolewa nje. Orofa za chini kulikuwa na maduka na benki. Za juu, ambazo baadhi yake zilijengwa bila kibali halali, zilikuwa na viwanda vya nguo. Kesho yake benki haikufungua, na wafanyakazi wake wakabaki salama. Wafanyakazi wa viwanda wakaamriwa kurudi kwenye cherehani zao, na wapo waliotishiwa kukatwa mshahara. Asubuhi ile, tarehe 24, jengo likaporomoka. Walikufa watu zaidi ya 1,100, wengi wao wanawake vijana.

Jengo lilikuwa lilelile na nyufa zilezile, na pande zote mbili zilikuwa na taarifa ileile. Kwa hiyo tusiseme tatizo lilikuwa ukosefu wa habari, wala tusiseme watu wa juu walikuwa wajinga kuliko wa chini. Wengi waliogopa, wakapanda ngazi na hofu yao. Kilichowatofautisha na wale wa benki ni uwezo wa kusema hapana. Hiari yashinda utumwa, ndivyo tulivyofundishwa, nami naiamini methali hiyo kwa moyo wote. Lakini mtu ambaye akikataa leo, mwisho wa mwezi hana cha kuwapa wanawe, hiari yake imebaki jina. Mkitaka kuutetea uhuru wa mikataba, utetezi wenu uanze na uwezo wa mnyonge kukataa: chama cha wafanyakazi kisichopigwa vita, akiba ya dharura kwa anayepoteza kazi, sheria inayomlinda anayetoka nje ya jengo lenye ufa.

Na hapa nikiri kwamba foleni za vibali nilizozilalamikia si jambo jepesi kama nilivyoliandika juu. Kibali cha kuongeza orofa kilikuwa na maana pale. Kuna muhuri wa kumnyonya mtu na kuna muhuri wa kumwokoa, na kazi ya kuitenganisha miwili hiyo ndiyo mnayolipwa mshahara kuifanya.

Baada ya maafa yale, ndani ya wiki chache, makampuni makubwa ya nguo yalianza kusaini makubaliano ya usalama wa moto na majengo pamoja na vyama vya wafanyakazi, makubaliano yenye nguvu ya kisheria, na hatimaye zaidi ya makampuni 200 yakajiunga. Wahandisi wakaingia viwandani, ripoti zao zikachapishwa, milango ya dharura ikawekwa. Nguo hazikuacha kuuzwa. Hakuna kilichozuia makubaliano hayo kusainiwa mapema zaidi, watu wale wakiwa hai.

Kuna soko jingine nataka tulikumbuke, ingawa linauma. Mwishoni mwa Novemba 1781, mabaharia wa meli ya watumwa iliyoitwa Zong, mali ya wafanyabiashara wa Liverpool, walianza kuwatupa baharini watu wakiwa hai. Kwa siku kadhaa waliwatupa zaidi ya 130, wakidai maji ya kunywa yanakwisha. Kwa kanuni za bima za wakati ule, mtumwa aliyekufa kwa maradhi hakulipiwa. "Shehena" iliyotoswa ili kuinusuru meli ililipiwa, na hawa walikatiwa bima ya pauni 30 kwa kichwa. Wenye meli wakadai malipo. Shauri likafika mahakamani London mwaka 1783, na lilikuwa la madai ya bima. Jopo la kwanza liliwapa ushindi wenye meli. Baadaye majaji wakaamuru lisikilizwe upya. Hakuna aliyewahi kushtakiwa kwa mauaji.

Kila kitu ambacho vitabu vya uchumi vinakitaka kilikuwepo: mikataba, bima, bei inayojulikana, wauzaji na wanunuzi wengi, na mahakama ya kutatua migogoro. Kilichokosekana ni sheria ya kusema kwamba binadamu si shehena. Bei haikuileta sheria hiyo, hata baada ya karne kadhaa za biashara. Ililetwa na watumwa walioasi, na watu waliokataa kununua sukari iliyolimwa na watumwa, na maombi ya maelfu ya raia bungeni. Bunge la Uingereza lilipiga marufuku biashara hiyo mwaka 1807, na kwa sheria ya mwaka 1833 likaufuta utumwa katika sehemu kubwa ya himaya yake. Hata hapo, pauni milioni 20 za fidia zilitengewa mabwana. Waliokuwa watumwa hawakupewa kitu.

Orodha ya vitu visivyouzwa huandikwa na watu. Leo kalamu mnayo ninyi. Mtaombwa kuruhusu taarifa za wagonjwa ziuzwe kwa watangazaji, maskini alipwe atoe figo, maji ya chemchemi yawe ya mwenye hati. Katika baadhi ya maombi hayo huenda jibu sahihi ni ndiyo. Sina chuki na kila kipya. Lakini msijibu kwa kusema kwamba wapo wanunuzi na wapo wauzaji. Kwenye shauri la Zong walikuwepo pia.

Jambo jingine ni dogo kwa sura, ila naona mnalikosea mara nyingi zaidi. Wanauchumi Uri Gneezy na Aldo Rustichini walifuatilia vituo 10 vya kulelea watoto huko Haifa, Israel, ambako baadhi ya wazazi walikuwa wakichelewa kuwachukua watoto jioni. Katika vituo 6 ikawekwa faini ndogo kwa kila atakayechelewa. Wazazi wakazidi kuchelewa, mpaka idadi yao ikakaribia mara mbili ya ilivyokuwa. Faini ilipoondolewa, hawakurudi kwenye mwenendo wa zamani. Matokeo yalichapishwa mwaka 2000, na nayaelewa hivi: mzazi aliyekuwa akikimbia kwa kuona haya kumweka mwalimu akisubiri, sasa alikuwa amenunua muda wa mwalimu. Deni limelipwa, haya ya nini tena? Na haya ikishatoka mtu haimrudii kwa urahisi.

Angalieni faini mnazowatoza wanaomwaga sumu mtoni. Faini ikiwa ndogo kuliko gharama ya kuisafisha sumu hiyo, mhasibu wa kampuni huiingiza kwenye daftari pamoja na umeme na mafuta, na mto unakuwa umekodishwa. Nimewahi kukaa mezani na watu wanaopanga bajeti kwa namna hiyo. Hawakuwa watu wakatili. Walikuwa wamesoma kanuni zenu na kuzielewa vizuri kuliko ninyi mlioziandika.

Tarehe 23 Oktoba 2008, wiki chache baada ya benki kubwa ya Marekani, Lehman Brothers, kufilisika, Alan Greenspan, aliyeiongoza benki kuu ya Marekani kwa zaidi ya miaka 18, aliiambia kamati ya bunge la nchi yake kwamba amegundua kasoro katika mtazamo wake. Aliamini kwamba mabenki, kwa kujali maslahi yao wenyewe, yangewalinda wenye hisa wao vya kutosha. Hayakuwalinda. Namheshimu kwa kulisema hadharani, akiwa na umri wa miaka 82, maana wachache husema. Lakini kwa wakati huo familia nyingi zilikuwa zimeshapoteza nyumba, na waliouza mikopo mibovu walikuwa wameshachukua bonasi zao. Faida ilikuwa ya mtu binafsi, hasara ikawa ya umma. Hapo pia kulikuwa na kanuni iliyoruhusu hivyo, na kuna waliopiga kura ipite.

Niimalizie kwenye dawa, nilikoanzia. Mwaka 1923 wagunduzi wa insulini, dawa ya wenye kisukari, waliuza haki zao za hataza, yaani haki ya mgunduzi kuamua nani atengeneze alichogundua, kwa Chuo Kikuu cha Toronto kwa dola 1 kila mmoja, ili dawa hiyo isihodhiwe na mtu. Karibu miaka 100 baadaye, mwaka 2022, Marekani ilibidi itunge sheria ya kuweka kikomo cha dola 35 kwa mwezi kwa insulini ya watu walio kwenye Medicare, bima ya afya ya serikali hasa kwa wazee, kwa kuwa wagonjwa walikuwa wanagawa dozi. Kati ya dola ile na kikomo hiki kuna hataza mpya zilizokubaliwa, miungano ya makampuni iliyoidhinishwa, na mikataba ya siri kati ya watengenezaji na mawakala iliyoachwa iendelee. Kila moja ina tarehe na jina la aliyeikubali.

Ombi langu ni moja. Mkikaribia kusema soko limeamua, simameni kwanza, mwandike kwenye tangazo hilohilo ni kanuni gani iliyoruhusu, nani aliipitisha, nani atabeba hasara, na nani kati ya wahusika alikuwa na uwezo wa kusema hapana. Kisha litieni saini. Sitegemei tukubaliane kila mara. Nitakachoweza angalau ni kujua nabishana na nani.

Mizani yangu ningali nayo. Stika yake haijabadilishwa tangu miaka ile ya misumari. Mtumeni afisa aje na mawe yake, aanze na yangu.

Wenu,
Mfanyabiashara